Picha iliyotengenezwa na akili mnemba, ni halali kuuzwa kwa jina la Tingatinga?

Kijana wa Sinza (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mimi nina mapenzi na vitu vitatu: kuchora, kushinda mitandaoni na mambo ya utamaduni wetu. Sasa vimegongana. Ukitafuta "Tingatinga", ule mtindo wetu wa kuchora wanyama kwa rangi kali, siku hizi unakutana na tembo wa buluu na twiga wenye nakshi shingoni ambao hakuna mkono wa mtu uliowagusa. Mtu kaandika sentensi moja kwenye programu ya akili mnemba, picha imetoka, kaichapa kwenye fulana na vikombe, anauza kwa jina la Tingatinga.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kuzitengeneza ruksa, hata mimi natengeneza. Kuziuza kwa jina hilo, hapana.

Najua kuna atakayesema Tingatinga yenyewe ni kunakiliana tu. Kweli kabisa, na hapo ndipo penye hoja yangu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipita kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuja Dar. Alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi (ubao mwembamba mgumu), kama sentimita 60 kwa 60. Hakusomea popote. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi, wakidhani gari alilokuwamo ni la wahalifu. Miaka minne tu ya kuchora! Jina lilibaki kwa sababu ya vijana aliokaa nao, wengi wao ndugu na jamaa wa kwao kusini: Mpata, Ajaba, Linda, Tedo, Amonde. Walichora kama yeye, halafu kila mmoja akatoka na ya kwake.

Pale Morogoro Stores, Oysterbay, chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga kipo tangu 1990. Ukienda unamkuta mtu anachora chui yule yule wa jirani yake na hakuna anayenuna. Lakini huyo anayenakili alianza kwa kumjazia fundi rangi ya nyuma, akatumwa chai, akasemwa mistari ikipinda. Anajulikana ni mwanafunzi wa nani, na akiuza, hela inazunguka pale pale. Ruhusa ya kunakili ameilipia kwa kukaa. Mashine imelishwa picha za watu, haikukaa na mtu yeyote.

Karibuni. Matusi pelekeni kwingine.

Wakili wa Mtaani

Mkuu, una hisia nzuri, ila kisheria hoja haina miguu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi, hailindi mtindo. Na kazi yenyewe inalindwa katika uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo. Marehemu alifariki 1972, piga hesabu.

Cha kuchekesha, huyo wa fulana naye hana ubavu mkubwa. Kule Marekani mahakama iliamua mwaka 2023 kwamba picha iliyotengenezwa na mashine peke yake haina hakimiliki. Kesho mwingine akiichukua akaichapa kwenye fulana zake, kule huyu wa kwanza hana pa kumshitaki.

Mzee wa Kibonge

Wewe mwenyewe unazitengeneza. Sasa unalia nini?

Binti Shangani

Mimi nauza picha Mji Mkongwe, niwaambie ninayoyaona. Mgeni hanambii "nani kachora". Anauliza itaingia kwenye begi? Ndiyo maana hadibodi iliwashinda wengi, wakahamia kanvasi inayokunjika. Na hao mafundi mnaowalilia wamechora machweo yale yale na Wamasai wale wale hadi bei wakaiangusha wenyewe, mashine haijazaliwa. Leo mnataka mimi niwe polisi wa sanaa dukani kwangu?

Kijana wa Sinza

Mzee wangu Kibonge, nazitengeneza kujifurahisha, naposti na kuandika kabisa kwamba ni kazi ya mashine. Machi 2025 dunia nzima ilijigeuza kwa akili mnemba kuwa katuni za mtindo wa Studio Ghibli, ile studio ya katuni ya Japani, na mimi nikiwemo. Hakuna aliyeona picha ya shangazi yake akadhani kaichora Miyazaki, mchoraji mkuu wa studio hiyo. Ile studio ina filamu zake na wanasheria wake, inaweza kujitetea. Fundi wa Msasani atamwandikia nani barua?

Wakili, mtindo nakuachia. Mimi nagombea jina. Anayeuza sukari iliyochemshwa akaiita asali hakamatwi kwa kuwaibia nyuki, anakamatwa kwa kumdanganya mnunuzi. Hilo nalo halina miguu?

Dada wa Shangani, usiwe polisi. Bandika karatasi nyuma ya picha: nani kachora, wapi, mwaka gani. Ya mashine nayo iandikwe hivyo, uiuze kwa amani.

Wakili wa Mtaani

Hilo la kumdanganya mnunuzi lina miguu, nakubali. Kazi ni kumpata wa kulisimamia, maana muuzaji anaweza kuwa nchi nyingine kabisa.

Binti Shangani

Karatasi nabandika, kaka, gharama si kubwa. Ila ukiona sahihi "E. S. Tingatinga" kwenye picha ambayo rangi bado inanuka, ujue kughushi hakukuanza na kompyuta.

Rangi ya Baiskeli

Nimesoma kimya muda mrefu. Mimi ndiye mchoraji mnayemzungumzia, nashangaa hakuna aliyeniuliza.

Wengine tunaitumia hiyo mashine. Naiambia inipangie ndege na mti, naangalia kwenye simu, halafu nachora kwa mkono na rangi ile ile ya mafuta. Inaniokolea asubuhi nzima. Na juzi mteja wa Japani kaja na picha yake tayari, ya mashine, akataka niihamishie kwenye kanvasi vilevile bila kubadilisha hata jani. Nikikataa, wa benchi la pili anakubali. Kwenye karatasi yenu ya nyuma niandike nini?

Kijana wa Sinza

Fundi, hapo umenibana. Ile ya ndege na mti ni yako. Wewe ndiye uliyeamua kipi kibaki, andika jina lako bila kusita. Ya Mjapani ichore, watoto wale, na saini uweke maana mkono ni wako. Neno Tingatinga usiliweke, andika "imenakiliwa kutoka picha ya mteja".

Rangi ya Baiskeli

Mteja mwenyewe ndiye anayetaka neno hilo liandikwe. Bila hilo hanunui.

Kijana wa Sinza

Basi mwambie abadilishe hata majani mawili, akuachie uyachore unavyojua wewe. Akikataa, mtoze zaidi.

Binti Shangani

Akikubali kulipa zaidi, fundi, niletee namba yake.