Eti "ndo hadithi zilivyokuwa zamani"! Hawa madairekta wa Ulaya na Marekani wanatuona mazuzu

Wakuu nina hasira, acha nizimwage hapa. Jumamosi nimeenda kwa jamaa anayerusha muvi kwenye flashi nikamwambia niwekee katuni za mtoto, ile ya dubu anayependa asali na nyingine mbili tatu. Nafika home nachomeka kwenye tivi, naingia jikoni kugeuza maandazi, mara nasikia mtoto wa miaka sita analia kile kilio cha kukata pumzi. Kutoka hivi nakuta jitu zima lina kinyago cha dubu linakimbiza wadada porini. Maandazi yameungua, na mtoto mpaka leo mkate wenye asali hagusi.

Ikabidi niingie intaneti. Kumbe kitabu cha Winnie-the-Pooh, yule dubu wa asali, ni cha 1926, hakimiliki yake huko Marekani ikaisha tarehe 1 Januari 2022, na 2023 muvi ya kuchinjana ishaingia kwenye majumba ya sinema. Yaani maiti haijapoa watu washagawana nguo! Bajeti haikufika dola laki moja wakavuna mamilioni. Na wakawa makini wasimvalishe ile fulana nyekundu maana hiyo ni ya Disney, wangeburuzwa kortini. Mwanasheria wanamuogopa, mtoto wangu hawamuogopi. 2025 wakaja na Peter Pan na Bambi, hivyo hivyo. Jina la bure, dunia nzima inalijua toka utotoni, matangazo ya nini tena.

Sasa ukilalamika mashabiki wao wanakurukia eti hizi hadithi asili yake zilikuwa za kutisha, Disney ndo walizilainisha. Sibishi, ni kweli. Kwenye kitabu cha ndugu wa Grimm, wale Wajerumani waliokusanya hadithi za kale, cha 1812 yule malkia anayetaka Snow White auawe siyo mama wa kambo, ni mama mzazi kabisa, wakaja kumbadilisha toleo la 1819. Anaagiza aletewe mapafu na maini ya binti wa miaka saba, analetewa ya nguruwe mwitu, yanapikwa na chumvi anakula akidhani anamla mwanae. Mwisho anavishwa viatu vya chuma vya moto anacheza mpaka anakufa.

Haya, ile muvi ya 2012 iliyokula zaidi ya dola milioni 150 imefanya nini na huyo mama? Snow White kavaa deraya, kapanda farasi, vita, mapanga, skrini nyeusi mpaka unajiuliza tivi yako imeharibika au vipi. Malkia muuaji ni mama wa kambo yule yule, mama mzazi anakufa mwanzoni tu.

Ila walioniudhi kuliko wote ni wa Hansel na Gretel ya 2013. Jamani hadithi nzima inasimama kwenye njaa! Chakula kimeisha, baba na mama wanalala wanajadiliana tuwatupe watoto msituni, na watoto wako macho wanasikia. Kuna kitu kinatisha zaidi ya hapo? Sasa wao wamefanyaje, wamesema wazazi waliwaacha kuwaokoa, eti mama alikuwa mchawi mwema, halafu watoto wamekua masteringi wanapiga wachawi risasi. Wametoa kitu pekee cha kutisha wakajaza utumbo na mabunduki, halafu tuambiwe wamerudi kwenye asili.

Bibi yangu alikuwa anatusimulia zimwi lililomtia binti kwenye ngoma likawa linazunguka naye vijijini, likipiga ngoma binti anaimba ndani, mpaka siku mama yake anaitambua sauti. Koroboi moja, damu hata tone hakuna, na chooni tulikuwa tunasindikizana wanne.

Nikiri kitu kimoja, yule dada wa Norway Emilie Blichfeldt na muvi yake ya Cinderella ya 2025 namkubali. Kamfanya dada wa kambo ndo steringi, anameza yai la tegu ili akonde, anajikata vidole vya mguu kiatu kiingie. Inatia kinyaa nilifumba macho mara mbili, lakini kidole kukatwa kipo kwenye hadithi toka zamani na yeye kaonyesha kwa nini binti wa watu anafika huko. Basi, huyo mmoja.

Jamaa wa flashi nimemfuata leo anirudishie hela yangu. Ananiangalia, anacheka, "Bosi si umesema unataka ya dubu?"