Tupeane uzoefu: umewahi kubaguliwa kwa rangi au asili yako hapa kwetu Zanzibar?

MamaChake
Assalaam alaykum ndugu zangu. Jirani yangu anamkataza mwanawe wa kike kucheza juani, "asije akawa mweusi akakosa mume". Mtoto hajaanza hata skuli. Imeniuma khasa. Tunasema sote damu zetu zimechanganyika, lakini posa ikiletwa mtu huulizwa asili ya babu wa babu yake. Hebu tusimuliane yaliyotufika, na tuambiane yanatokana na nini. Majina ya watu na koo tusitaje.

MkeWaFundi, Magomeni
Mume wangu ni wa ukoo unaojihesabu wa Kiarabu. Mshenga alipopeleka habari kwao, shangazi yake alisema mie si kufu yao, yaani si wa daraja yao kwa ndoa. Hakuuliza dini yangu wala tabia yangu. Baba mkwe ndiye aliyesimama kidete, Mungu amrehemu. Nilipojifungua, shangazi akaja kutazama mtoto. Kabla ya kunipa pole ya uzazi alifunua ushungi wa mtoto, akaangalia sikio ajue rangi itatulia vipi. Hilo sijalisahau.

Babu wa Skuli
Wanangu, wengi hudhani haya yaliletwa na siasa. Siasa iliyakoleza tu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hapa mpaka 1897, na wajukuu wa mabwana na wa watumwa wakaendelea kuishi jirani, kila mmoja anamjua mwenzake katoka wapi. Mwingereza naye akawaandika watu kwa mafungu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata fungu la mtu, na mchele haukuwa wa kila mmoja. Sasa mtu akibadili kabila lake kwenye sensa, utamlaumu?

Vyama vilipokuja, vikakuta mafungu tayari. Hizbu, yaani chama cha ZNP, ikaitwa chama cha Waarabu, ingawa mizizi yake ni wakulima wa Kiembe Samaki. Juni 1961, siku ya uchaguzi, zikaanza ghasia zilizoua watu 68. Mapinduzi ya Januari 1964 mnayajua.

Kijana wa Wete
Katika hao waliouawa 1961 wengi walikuwa Wamanga, Waarabu waliokuja kutoka Omani, Babu. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mmanga, mwenye kiduka cha shamba na deni la mchele. Hakumiliki shamba la karafuu wala mtumwa. Lakini mie skuli nikiambiwa "rudi kwenu Maskati". Kwetu ni Wete, yakhe, sina kwengine.

Mpishi Paje
Mimi natoka bara, nafanya kazi hotelini huku. Naitwa "chogo", neno la kuwadharau watu wa bara, mbele ya wageni na watu wanacheka. Nimeoa hapa hapa, na wanangu wanalisikia neno hilo dukani.

Mwana wa Mji
Tusifukue makaburi. Yaliyopita yamepita.

MkeWaFundi, Magomeni
Sikio la mwanangu halikuangaliwa 1964, ndugu yangu.

Babu wa Skuli
Kweli. Na kwa vile kila mtu hujificha nyuma ya hilo neno kufu, wakumbusheni Fatima bint Qays. Alikuwa mwanamke wa Kiquraishi, na Mtume (s.a.w.) alimshauri aolewe na Usama, mtoto wa Zayd. Zayd alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Nimewahi kumsikia khatibu akikisimulia kisa hicho Ijumaa, na wazee wakainamisha vichwa. Natamani kisomwe msikitini mara kwa mara, na historia yetu isomeshwe skuli bila kuficha upande wowote. Watoto wanaokua na nusu ya habari huijaza kwa chuki ya nyumbani.

MamaChake
Basi niseme lililonileta. Binti yangu ameposwa na kijana wa Makunduchi, mvuvi, anaswali, hana tatizo na mtu. Kaka zangu wamenuna kwa sababu ya rangi yake. Kikao ni Ijumaa baada ya swala, na imamu amekubali kuwepo. Tuanzie wapi?

MkeWaFundi, Magomeni
Dada yangu, asili ya kijana isitajwe kwanza. Kila kaka aulizwe mbele ya imamu: huyu kijana mwenyewe ana kosa gani? Baba mkwe wangu alifanya hivyo, na hakuna aliyepata la kujibu.