Mjadala: Kifaa kikisuswa na aliyekiunda, kufuli la fimwea lifunguliwe?

Mleta mada

Wadau wa bodi na chipu, nawasalimu. Natanguliza msimamo wangu ili asiwepo wa kusema nimeuficha: mtengenezaji akiacha kuhudumia kifaa alichouza, sheria imlazimishe kumwachia mwenye kifaa njia ya kufungua kufuli la fimwea (programu ya kudumu iliyo ndani ya kifaa) na kupakia nyingine.

Nimeletewa kidhibiti cha pampu kilichokufa. Nikaanza na yale ya kila siku. Umeme unaingia, volti 3.3 imesimama, kristali inapiga, transista zinazoendesha mota zote nzima. Nikaunga waya kwenye UART (pini za kusomea ujumbe wa kifaa), nikaona butiloda, yaani programu ndogo inayokiwasha kifaa, inaamka, inasoma flashi (chipu ya kuhifadhia programu), kisha inagoma ikifika kwenye kukagua saini ya kidijitali inayothibitisha kuwa fimwea imetoka kwa kampuni. Flashi ilichoka. Kifaa kilikuwa kinaandika kumbukumbu kila dakika kwenye chipu ileile iliyobeba programu yake, na bloku zikaanza kuharibika moja baada ya nyingine. Chipu mpya ninayo. Nikaing'oa ya zamani kwa hewa moto, nikalehemu nyingine. Nilichokosa ni faili la fimwea lenye saini, na kampuni iliyolitoa imeshafunga seva zake.

Programu ya kuendesha mota ile ningeiandika kwa siku chache, ila prosesa haitaikubali. Alama ya ufunguo wa kampuni imechomwa kwenye vifyuzi vilivyo ndani ya silikoni, na kifyuzi kikishachomwa hakirudi. Kwa hiyo mota nzima, shaba nzima, prosesa nzima, vyote vinakwenda jalalani kwa kukosa faili.

Na siyo mimi peke yangu. Nest iliinunua Revolv mwaka 2014, kampuni iliyokuwa ikiuza kitovu cha kuendesha taa na vitasa vya nyumbani kwa dola 300. Mei 2016 seva zikazimwa na vitovu vikawa havifanyi kazi tena. Flashi kuchakaa nako si ajabu: mwaka 2021 Tesla iliyaita magari takriban 135,000 ya Model S na Model X yarekebishwe kwa sababu eMMC (aina ya chipu ya flashi) ya gigabaiti 8 kwenye kompyuta ya skrini ilikuwa inaisha maisha kwa kuandikiwa mno. Wenye magari yale walikuwa na kampuni iliyo hai ya kuwatengenezea. Mwenye pampu hii amwendee nani?

Mhandisi wa fimwea

Mkuu, pampu hiyo inaniuma hata mimi. Lakini mimi ndiye ninayechoma vifyuzi hivyo, kwa hiyo niruhusu nieleze upande wangu.

Oktoba 21, 2016 kundi la kamera na vifaa vingine vya mtandaoni vilivyotekwa na programu hasidi iitwayo Mirai liliielemea kampuni ya Dyn, inayoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na tovuti kubwa, Twitter ikiwemo, zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mirai haikuvunja kufuli lolote la maana. Ilijaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, basi. Tangu hapo serikali zimetubana, na zina haki. Uingereza, kuanzia Aprili 29, 2024, hairuhusu vifaa vya walaji kuuzwa vyote vikiwa na nywila moja, na muuzaji lazima aseme masasisho ya usalama yatatolewa hadi lini. Umoja wa Ulaya nao una sheria itakayotudai, kuanzia Desemba 11, 2027, masasisho ya usalama kwa miaka isiyopungua 5, isipokuwa pale kifaa chenyewe kinapotarajiwa kutumika muda mfupi zaidi. Ukaguzi wa saini ndio unaozuia mtu kupandikiza programu yake kwenye kifaa chako ukiwa umelala. Wewe unaomba tuufungue mlango ambao tumepigania miaka kuufunga.

Tena kuna jambo ambalo watu wa nje hawalioni. Ufunguo wa siri wa kusaini mara nyingi ni mmoja kwa familia nzima ya bidhaa. Nikikupa wa kifaa kilichosuswa, nimekupa na wa kile kinachouzwa leo. Na sehemu ya fimwea si yetu: programu ya redio tumepewa na muuza chipu ikiwa imeshakompailiwa (imegeuzwa lugha ya mashine), kwa leseni inayotukataza kuisambaza.

Mleta mada

Ndugu yangu, hoja ya ufunguo mmoja ni nzito na naikubali. Ila sijaomba ufunguo wa siri, wala msimbo wenu.

Ninachotaka ni butiloda ya mwisho. Mnaisaini ninyi wenyewe kwa ufunguo wenu, kisha ufunguo unabaki kabatini. Kazi ya butiloda hiyo ni moja: mtu akifungua kasha, akaunganisha pini mbili kwenye bodi, akawasha umeme, kifaa kinafuta siri zote zilizomo kisha kinapokea ufunguo wa mwenye kifaa. Ukaguzi wa saini unaendelea kama kawaida, ila sasa saini ni ya mwenye mali. Mirai iliingia kwa mtandao. Hakuna anayeweza kuunganisha pini mbili akiwa upande wa pili wa dunia.

Tunajua pia kinachotokea programu ikifunguliwa. Mwaka 2003 Linksys ilitoa msimbo wa ruta ya WRT54G kwa sababu ndani yake kulikuwa na Linux, mfumo endeshi huria, na leseni yake ya GPL inadai msimbo utolewe wazi. Mwaka uliofuata ukazaliwa mradi wa OpenWrt, fimwea huria ya ruta, ambao hadi leo unazipa masasisho ruta nyingi zilizoachwa na waundaji wake. Kwa hiyo ukiniambia usalama, nami nakuuliza: ruta iliyofungwa, yenye tundu linalojulikana, na hakuna duniani mwenye mamlaka ya kuliziba, hiyo ni salama kwa nani?

Mtu wa redio

Naingia kwa moja tu. Mawimbi ya gigahezi 5 tunayagawana na rada za hali ya hewa, na zile za viwanja vya ndege ziko kati ya megahezi 5600 na 5650. Ruta inatakiwa isikilize, ikisikia rada ihame chaneli. Mtu akipakia programu inayozima usikilizaji huo ili apate kasi, rubani ndiye anayekosa picha ya dhoruba. Hilo si la kufikirika, usumbufu wa namna hiyo umeshatokea.

Hata hivyo sioni kama ni sababu ya kufunga kifaa kizima. TP-Link ilipokubali kuilipa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, dola 200,000 mwaka 2016 kwa ruta zilizoweza kuzidisha nguvu ya redio, makubaliano yaleyale yaliitaka ishirikiane na waandika programu huria ili zifanye kazi kwenye ruta zake. Fungieni redio peke yake, kwenye chipu yake na saini yake. Prosesa kuu muiache.

Fundi wa vifaa tiba

Msisahau vilivyo ndani ya miili ya watu. Agosti 2017 nchini Marekani vidhibiti-moyo vipatavyo 465,000 vilihitaji sasisho la fimwea kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama, na kila mgonjwa alitakiwa afike kliniki, kwa sababu hata sasisho halali lina hatari yake ndogo. Pini mbili haziwezi kuwa kanuni hapo. Mashine za kitandani ni suala jingine, na kwa hizo niko na mleta mada: nimeona mashine nzima ikiwekwa stoo kwa sababu moduli mpya ya betri haikutambuliwa na prosesa.

Mhandisi wa fimwea

Nimelifikiria wazo la butiloda ya mwisho tangu jana, na sitasema haliwezekani. Kwenye prosesa kubwa zenye Linux linawezekana kabisa. Kwenye chipu ya kilobaiti 32 ambamo nimeshahesabu kila baiti, hapana. Huko nitakachoweza kutoa ni ruhusa ya kufuta chipu yote na kuanza upya. Hiyo nayo ina maana nisitumie ile ngazi ya ulinzi inayoua JTAG (pini za kuifikia chipu moja kwa moja kutoka kompyuta) milele. Hilo naweza kulivumilia.

Kinachonikwaza ni muda. Kampuni ikifilisika ghafla, nani atasaini? Kwa hiyo butiloda hiyo lazima isainiwe siku bidhaa inapoingia sokoni, iwekwe amana kwa mtu wa tatu. Ikivuja mapema, mwizi wa kifaa anapata njia ya kukisafisha na kukiuza. Kwa simu hilo ni tatizo kubwa.

Mleta mada

Kwa simu nakubali, tutafute utaratibu mwingine wa kuthibitisha umiliki. Vidhibiti-moyo pia naviondoa kwenye pendekezo langu, na redio ibaki na saini yake. Lakini pampu, ruta, kamera, kitovu cha taa na mashine za kitandani, hapo sirudi nyuma. Amana ilipiwe na mtengenezaji kabla ya kuruhusiwa kuuza, kama anavyolipia vipimo vya usalama wa umeme na vya mawimbi. Hakuna anayesema vipimo hivyo vinaua biashara.

Kidhibiti chenyewe nimekimaliza jana usiku, baada ya kukitoa prosesa. Nimeweka bodi ndogo ya prosesa isiyofungwa juu ya transista zilezile, nikafuatilia njia za geti (mguu unaoiamuru transista) moja moja kwa multimita, na mota inazunguka. Imenichukua siku nne kwa kazi ambayo ingekuwa ya saa moja.

Walio na uzoefu wa kutunza funguo za kusaini kwa niaba ya kampuni nyingine, nawaomba mchangie hapo kwenye amana. Inatunzwaje, na kwa gharama gani?