Naomba ushauri: beringi ya mashine ya peleti haidumu

Wakuu, habari zenu. Niko Masasi, nasaga na kutengeneza peleti (vidonge vya chakula) za kuku kwa pumba za mahindi na mashudu. Mashine inaunguruma upande wa puli. Ikifanya kazi nusu saa tu, nyumba ya beringi haishikiki kwa mkono, na grisi inatoka nyeusi. Ukiisugua vidoleni unasikia chenga za chuma. Beringi hiyo haina hata miezi miwili!

Jana nimefungua. Beringi mpya inaingia kwenye shafti kwa kusukuma na kidole, bila kugongwa. Shafti imelika. Fundi anataka kuipiga ponchi (kuigonga vidoti vidoti ivimbe) ili ibane, mimi naogopa itapinda mstari. Nijazishe kwa kuchomelea kisha ikachongwe leithi (mashine ya kuchonga chuma), au nichongeshe shafti mpya? Na grisi ya joto kali mnaongeza kila baada ya saa ngapi?