Mtu mzima na tai yake kanifanyia "nyau" mbele ya darasa

Wakuu, hasira nilizonazo hata chai haishuki. Yule mhadhiri wetu wa tai nyekundu, mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Nimesimama kueleza kwa nini mitandao ya neva ya kompyuta, yaani programu zinazoiga seli za ubongo, inayotambua picha imepangwa tabaka kwa tabaka. Nikaanzia kwa paka. Hubel na Wiesel, watafiti wa ubongo, wale wa Nobel ya 1981, walimchomeka paka waya mwembamba kisogoni, ubongo unapopokea yanayoonwa. Wakamwonyesha madoa weee, seli kimya. Kuja kubadilisha slaidi, ukingo wa kioo ukapitisha kivuli cha mstari, seli ikaanza kudatika kama bisi! Kumbe yenyewe inataka mstari tu, tena ulioinama upande wake.

Nipo hapo hapo kwenye kivuli, mtu mzima akafanya: "Nyauuu!"

Darasa chali. Hadi mlinzi mlangoni kacheka. Nyau! Mtu ana shahada tatu!

Nikajikaza: Fukushima, mtafiti Mjapani, mwaka 1980 aliuiga mpangilio ule kwenye kompyuta, seli za mwanzo zinashika mistari, zinazofuata zinaunganisha, mwisho umbo zima. Jamaa: "Kwa hiyo kompyuta inakula dagaa?" Halafu akarudia nyau. Safari hii ndefu, na vidole kavikunja kama kucha.

Mzee wa Buza: Nyau.

Binti Sindano: Pole mkuu. Vidole vya mkono mmoja au yote miwili?

Fundi Redio: Acha kulialia. Una seli za neva kama bilioni 86 kichwani, umekosa hata mbili za kumjibu?

Mleta uzi: Ningemjibu nini, nibweke?

Kapteni Ukwaju: Wako ana nafuu. Wetu anadai mashine inajifunza sawasawa na ubongo. Nikamwambia mwanangu kaona twiga mara moja tu kitabuni, leo anamjua popote. Mashine mnailisha mapicha maelfu. Kanitoa nje.

Binti Sindano: Wa kwetu anauza noti za somo kwa elfu tano. Kurasa nne, moja imejirudia.

Mzee wa Buza: Sisi elfu saba, na mchoro wa ubongo umetoka mweusi tii. Hujui kisogo hujui paji. Nikadhani andazi limeungua.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye nyau.

Fundi Redio: Nani anajua steshenari yenye kopi safi karibu na stendi?

Kapteni Ukwaju: Nyuma ya muuza mihogo. Wahi kabla ya saa kumi, umeme hukatika.