Mazungumzo na mwenzi yakigeuka ugomvi, mtu aanzie wapi?

Swali: Wakuu, mtu abadilishe nini kwake mwenyewe bila kungoja mwenzake abadilike?

Jibu: Aanze na matendo. William Glasser, daktari wa akili wa Marekani, alifundisha kwamba tabia ina sehemu nne: kutenda, kuwaza, kuhisi na hali ya mwili. Mbili za kwanza tunaziamua moja kwa moja, hisia hufuata.

Jibu: Naongezea. Moyo ukienda mbio, omba mapumziko ya angalau dakika 20, na utaje saa ya kurudi. Wengi hukosea hapo: huondoka kimya, mwenzi akajiona ametelekezwa.

Muulizaji: Na lawama?

Jibu: Badala ya "hunijali kabisa", sema "niliumia ulipochelewa bila taarifa, naomba unitumie ujumbe". Ombi moja tu, tafadhali. Akikataa, usimlazimishe.