Mwaka 1415: Ceuta, Agincourt au twiga wa Malindi, lipi lipewe uzito shuleni?

Mwalimu wa Zamu: Wakuu habari zenu. Mimi nafundisha historia, kuna jambo linanisumbua. Chukueni mwaka 1415 peke yake. Mwezi wa saba Jan Hus, padri wa Bohemia aliyelikosoa kanisa, kachomwa moto akiwa hai kule Konstanz, Ujerumani, ingawa mfalme Sigismund alikuwa amemwahidi usalama kwa barua. Mwezi wa nane Wareno wameiteka Ceuta, bandari ya Waislamu Afrika Kaskazini. Mwezi wa kumi Henry V, mfalme wa Uingereza, kawachapa Wafaransa kwenye vita vya Agincourt. Na mwaka huohuo twiga kutoka Malindi kapokelewa Beijing. Mimi nasema Ceuta ndiyo ianzie somo la ukoloni, sio kusubiri mkutano wa Berlin 1884. Mnasemaje?

Jongoo: Ceuta mji mmoja umeanguka kwa siku moja, hapo unafundisha nini? Agincourt ndo vita bwana. Wafaransa wengi kuliko wenzao, wamejaa vyuma kichwani mpaka mguuni, shamba limetoka kulimwa na mvua imepiga usiku kucha, wanazama kwenye tope hawawezi hata kuinuka na wapiga mishale wa Henry wanakuja kuwamalizia palepale chini. Watoto watakaa kimya darasani. Twiga waachie chekechea, pwani mwaka huo kazi yao ilikuwa kumbebea Mchina mnyama wake basi.

BintiPate: Kumbebea Mchina mnyama wake?? Jongoo umeandika hilo ukiwa na akili timamu? Mji una mfalme wake, una mabalozi wake, unavusha mnyama mrefu vile Bahari ya Hindi nzima na anafika HAI, halafu mfalme wa China, Yongle mwenyewe, anatoka mpaka lango la kasri kumpokea kwa sababu kwao alionekana mnyama wa baraka anayekuja zama za mfalme mwema. Wewe unaita hiyo upagazi.

Jongoo: Dada punguza jazba. Si ni Zheng He, yule amiri wa China, alikuja na mameli yake akamchukua twiga akaondoka? Tusijipe sifa za watu.

Mgosi: Hapana mkuu, hapo umechanganya. Mabalozi wa Malindi ndio waliompeleka. Zheng He safari yake ya tano, ile iliyoondoka 1417, ndiyo iliyowarudisha mabalozi wa nchi mbalimbali makwao, na Malindi wamo. Yaani meli za serikali ya China zimetumwa kuwasindikiza wageni nyumbani. Mpagazi gani anasindikizwa hivyo?

Jongoo: Sawa walipeleka wenyewe, ndo mbaya zaidi sasa. Wachina waliandika hiyo ni zawadi ya utii, mdogo kwa mkubwa. Ndo yaleyale ya leo, tunapeana mikono kwenye picha huku deni la reli linatusubiri.

BintiPate: Kwa Wachina KILA mgeni aliyekuja na kitu aliandikwa ameleta utii, huo ndio ulikuwa utaratibu wa ikulu yao, na mgeni alirudi na hariri na vyombo. Nenda Mambrui ukaangalie lile kaburi la mnara, mabakuli ya kaure ya Kichina yamepachikwa kwenye ukuta wake. Kisiwa cha Manda wamefukua sarafu ya huyohuyo Yongle mwaka 2013. Watu wa pwani walikuwa wanafanya biashara, sisi hatukumpigia mtu magoti. Na reli usiilete hapa, hakuna aliyekopa kitu 1415.

Mwalimu wa Zamu: Ndugu zangu naomba turudi Ceuta. Pale vitani alikuwepo mtoto wa mfalme wa Ureno, Henrique, kijana wa miaka 21, na msikiti mkuu uliogeuzwa kanisa ndimo alimopewa upanga wa heshima na baba yake. Ni huyohuyo aliyekuja kutuma meli kushuka pwani ya magharibi ya Afrika, 1434 zikavuka rasi ya Bojador. Twiga anapokelewa Beijing na Ceuta inaanguka mwaka mmoja, miaka 83 baadaye Vasco da Gama yuko Malindi. Hamuoni uzi ni mmoja?

Kilindini: Asante mwalimu umenikumbusha. Hao hao Malindi wenye twiga ndio waliompokea da Gama 1498 kwa ngoma na wakampa rubani wa kumvusha mpaka India. Sisi Mombasa tulishamshtukia. Sasa BintiPate unajivunia nini, wajomba zako walizoea kukaribisha kila mwenye meli kubwa.

BintiPate: Kwanza mimi wa Pate, Malindi sina mjomba. Pili Mombasa na Malindi walikuwa mahasimu miaka mingi kabla ya Mreno kuonekana, mji mdogo uliobanwa na jirani anatafuta rafiki, kosa lake nini? Alijuaje huyu mgeni si kama yule aliyekuja na hariri?

Kilindini: Alijua 1505 alipoona moshi wetu. Almeida, kamanda wa Wareno, ametoka kuipora Kilwa, akaja akaichoma Mombasa, na Malindi bado wakabaki marafiki zake. Hilo halina utetezi wa ujirani.

Mgosi: Na walilipwa nini? Wareno walipoanza kujenga ngome ya Fort Jesus 1593 walihamia Mombasa pamoja na mfalme wa Malindi, na Malindi yenyewe ikafa pole pole. Kilindini mnawalaumu watu walioishia kupoteza mji wao.

Jongoo: Kwahiyo Agincourt imeshasahaulika kabisa?

Kilindini: Jongoo subiri. Mgosi, huyo mfalme wa Malindi aliwekwa kututawala SISI, kwenye mji wetu, kwa bunduki za Wareno. Hayo ndiyo malipo yake. Usiniambie alipoteza mji.